Hodi ya Kheri Katika Nyumba ya Mtoto Mchanga

Sifa njema zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, aliyemtoa mwanadamu tumboni mwa mama yake hali hajui lolote, kisha akamjaalia masikio na macho na moyo ili apate kushukuru. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba wake, na kila mwenye kufuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Nakuusieni, na naiusia nafsi yangu kabla yenu, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Na katika kumcha Mwenyezi Mungu ni kuitunza amana. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Basi leo tutazungumza juu ya amana isiyoweza kujisemea yenyewe, nayo ni mtoto mchanga.

Ndugu Waislamu! Vitabu vya historia vinasimulia habari ya Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) zama za ukhalifa wake. Usiku mmoja uliingia Madina msafara wa wafanya biashara, naye akatoka pamoja na Abdulrahman bin Auf kwenda kuulinda. Akasikia mtoto analia. Akamwendea mama yake, akamtaka amche Mungu na amtazame vyema mwanawe. Akarudi mahali pake, na kilio kikarudi. Akaenda tena mara ya pili, na mara ya tatu, mpaka yule mama, asiyemjua anayesema naye, akachoka, akamwambia kuwa anamwachisha mtoto ziwa naye hataki. Alipoulizwa sababu ya kumwachisha kabla ya wakati, akajibu kuwa Umar hatoi posho ila kwa mtoto aliyekwisha kuachishwa. Asubuhi Umar aliwasalisha watu, wasiweze kuifahamu vizuri kisomo chake kwa wingi wa kulia. Kisha akaamrisha itangazwe kwamba watu wasiharakishe kuwaachisha watoto wao, kwani tangu siku hiyo kila mtoto azaliwaye katika Uislamu atapewa posho yake.

Yatazameni mazingatio yaliyomo katika kisa hiki. Khalifa aliyekuwa akitawala nchi nyingi hakuijua dhiki ya mtoto yule mpaka alipokwenda kwa miguu yake hadi kwa mama yake. Na alipokwenda, alikuta kwamba mama hakuwa mkatili. Alikuwa na haja, na amri ya Khalifa mwenyewe ndiyo iliyomsukuma. Dhiki nyingi za watoto wachanga ni za namna hii, haziandiki barua wala hazipigi foleni, na hazijulikani ila kwa kutembelewa.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Mashirika ya Umoja wa Mataifa yanayohesabu vifo vya watoto yalieleza kwamba mwaka 2022 walikufa duniani watoto milioni 4.9 kabla hawajatimiza miaka 5, na kati yao milioni 2.3 walikufa katika mwezi wa kwanza wa maisha yao. Wengi wa hawa wa mwezi wa kwanza hufa katika juma la kwanza. Kwa hivyo siku zilizo za hatari zaidi kwa mtoto ni zile zile ambazo sisi, kwa mila zetu, humweka mzazi na mwanawe ndani, asitoke mpaka arobaini iishe.

Hatusemi kwamba kumpumzisha mzazi ni jambo baya. Ni huruma waliyotuachia wazee wetu, na kuna nyumba ambazo mwanamke hapati mapumziko mengine maishani mwake. Lakini tufikiri. Ikiwa mzazi hatoki, basi yafaa huduma imfuate alipo. Shirika la Afya Duniani limeagiza kwamba mzazi na mtoto watazamwe katika saa 24 za mwanzo, kisha katika siku ya tatu, kisha kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha katika wiki ya 6. Zihesabuni siku hizo, mtaona kwamba karibu zote zimo ndani ya arobaini! Anayeshika mila ya arobaini ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya kutembelewa nyumbani.

Na kwa neema ya Mwenyezi Mungu, watu wa kazi hiyo wapo. Hapa Zanzibar mpango wa Jamii ni Afya umewatawanya wahudumu wa kujitolea katika wilaya zote 11, nao hupita nyumba kwa nyumba katika shehia zao kuwatazama waja wazito na watoto wadogo. Kwa upande wa Bara, mwezi wa Januari 2024 ulizinduliwa mpango wa kuwa na wahudumu wa afya wa jamii zaidi ya 137,000 katika muda wa miaka 5. Na ndugu zetu wa Kenya wanao wahudumu wa namna hii wapatao 100,000, waliokabidhiwa vifaa vyao mwezi wa Septemba 2023.

Huja kufanya nini mhudumu huyo? Humuuliza mama habari ya afya yake, na kama anatokwa na damu nyingi, au ana homa, au kichwa kinamuuma sana, au huzuni imemshika asiweze hata kumtazama mwanawe. Hutazama kama mtoto ananyonya vizuri, na humkumbusha mama kuwa miezi 6 ya mwanzo maziwa yake yanatosha, bila ya maji wala uji. Huitazama kadi ya chanjo. Huifundisha nyumba nzima dalili za hatari: mtoto kukataa ziwa, kushikwa na degedege, kupumua mbio au kifua kuingia ndani, mwili kuwa wa moto sana au wa baridi, kitovu kutoa usaha, viganja na nyayo kugeuka manjano. Mtoto mwenye moja ya dalili hizi hupelekwa kituo cha afya siku ile ile, wala hangojewi mpaka arobaini iishe.

Na mtoto akikua kidogo, mhudumu humfundisha mzazi kucheza na kuzungumza naye. Mtu asilidharau jambo hili. Huko Kingston, Jamaica, katika miaka ya 1986 na 1987, walichukuliwa watoto 129 waliodumaa kwa lishe duni. Baadhi yao walitembelewa kila wiki kwa muda wa miaka 2, saa moja kila mara, mama zao wakionyeshwa namna ya kucheza nao kwa vitu vilivyotengenezwa kwa mikono kutokana na vyombo vya nyumbani. Baada ya miaka 20, wale waliochezeshwa walikuwa wakipata katika kazi zao robo zaidi ya wenzao ambao hawakutembelewa kwa ajili hiyo. Nasi tunajua kwamba Mtume wetu (s.a.w.), pamoja na mzigo wa umma wote, alikuwa akimfanyia mzaha mtoto Abu Umair na kumuuliza habari ya kidege chake.

Ndugu Waislamu! Juu ya hayo yote, ziko nyumba ambazo mhudumu hupiga hodi na mlango usifunguliwe. Tuzitazame sababu.

Wako wanaoogopa jicho na husuda. Uislamu haukukanusha kuwapo kwa jicho, lakini umetufundisha kinga yake: kumtaja Mwenyezi Mungu, kuomba baraka, na kusoma sura mbili za mwisho za Kurani. Msomeeni mtoto, kisha mfungulieni mwenye kumtakia kheri. Kumficha mtoto anayeungua kwa homa si kinga.

Wako waume wanaosema kuwa mgeni asiingie nao hawapo. Hifadhi ya nyumba ni haki yao. Sura ya Nuur imetuamrisha tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwatolee salamu wenyewe, na tukiambiwa turudi, basi turudi. Lakini haki hii ina njia zake. Mhudumu akiwa mwanamume, na akae mahali pa wazi pamoja na baba wa mtoto, au bibi yake, au mtu mwingine mzima wa nyumba hiyo. Na mume anayesafiri kwenda kuvua au kufanya biashara, na atoe ruhusa yake kabla hajaondoka, aiseme wazi mbele ya mama yake na wifi wa mkewe, ili isije dharura ikakuta nyumba nzima inamngoja mtu aliye baharini.

Na wako wanaoona haya, na hawa ndio wanaostahiki huruma zaidi. Nyumba haina kitu, au mtoto amezaliwa na kasoro, basi huwekwa chumba cha ndani asionekane na mtu. Enyi wazazi, mtoto huyo ni amana kama wenziwe, na huenda akawa na haja ya haraka kuliko wao. Nyayo zilizopinda, zikitibiwa katika wiki za mwanzo, aghalabu hunyooka, lakini zikifichwa miaka mingi, tiba yake huwa nzito. Ataulizwa aliyemficha.

Nasi tulio nje ya nyumba hiyo tunayo sehemu yetu. Bibi na mkunga wawe wa mwanzo kumtajia mhudumu kuwa pana mzazi mpya. Anayealikwa akika siku ya saba aulize kama mhudumu amekwisha kuja. Vijana wanafunzi, mnaojua kusoma, wasomeeni bibi zenu kadi ya chanjo na muwakumbushe tarehe. Na sheha amjulishe mhudumu nyumba ya familia iliyohamia karibuni, kwani wageni mara nyingi hawaandikwi katika daftari lolote.

Ama nanyi wahudumu, ikiwa mnatusikia, jueni kwamba mnaingia mahali pa siri za watu. Pigeni hodi mara tatu kama ilivyo katika Sunna, na msipojibiwa, rudini siku nyingine kwa uso ule ule. Mliloliona ndani, umasikini au ugomvi au maradhi, lisitoke ila kwa anayehusika na tiba. Neno moja likisemwa kisimani, milango 10 itafungwa, na mtoto aliye nyuma ya mmoja wapo hatasikiwa na mtu.

Nasema kauli yangu hii, na namwomba Mwenyezi Mungu msamaha, kwangu na kwenu na kwa Waislamu wote.

KHUTBA YA PILI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake mwaminifu.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Mtakapotoka hapa, kila mmoja na afikiri juu ya nyumba iliyo karibu naye yenye mja mzito au mtoto mchanga. Amuulize mwenye nyumba kwa upole kama anamjua mhudumu wa shehia yake. Asiyemjua na aelekezwe kabla ya Ijumaa ijayo.

Ewe Mola wetu, wahifadhi watoto wetu wachanga na mama zao. Wape shifaa wagonjwa, wasahilishie wanaojifungua, na wajaalie subira waliofiwa na watoto wao. Wabariki wanaopita majumbani kwa ajili ya waja wako, na uzilainishe nyoyo zetu tuwafungulie. Uturuzuku kizazi chema, na utujaalie kuwa wachunga watakaokuwa na jibu siku watakapoulizwa.

Amin, ya Rabbal Alamin.