Ngumi Huanzia Miguuni

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wahitimu na wanafunzi siku ya mkutano wa mwaka wa Umoja wetu, Lushoto)



Nimeombwa niseme machache juu ya mazoezi ya kujihami, hasa namna ya kupiga ngumi na namna ya kufungua kinga ya mpinzani. Sote tunafahamu kwamba ombi hili halikuja bure. Muhula uliopita palitokea ugomvi bwenini. Kijana mmoja alivunjika mfupa wa kiganja, na mwenzake akapasuka juu ya jicho. Tangu siku hiyo kuna mawazo mawili. Wako wanaosema chama cha karate na ngumi kifungwe, kwa kuwa kinafundisha vurugu. Wako wanaosema kiachwe kama kilivyo. Leo mchana Kamati yetu itaamua kama tukichangie vifaa au tukiache kife. Kwa hiyo nitasema ninayoyajua kutokana na miaka mingi ya kufundisha vijana, nanyi mtapima.

Mchezo huu si mgeni kwetu

Wako wanaodhani mambo haya yameletwa na sinema. Watu wa pwani wana kirumbizi tangu zamani: wawili huingia uwanjani na fimbo, ngoma na zumari zikilia, mmoja akatupa pigo na mwingine akalikinga. Huo ni mchezo wa arusi na sherehe, na ndani yake yamo yote nitakayoyasema hapa: pigo, kinga, na nafasi inayopatikana kati ya viwili hivyo.

Katika masumbwi, Titus Simba alituletea nishani ya fedha ya uzito wa kati kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970. Aliyemshinda katika fainali, John Conteh wa Uingereza, alikuja kuwa bingwa wa dunia. Mwaka 1998, huko Kuala Lumpur, Michael Yombayomba alipata dhahabu katika michezo hiyo hiyo. Karate nayo ilienea Dar es Salaam katika miaka ya 1970, na mmoja wa walioipanda mbegu yake ni Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi aliyefundisha mtindo wa Goju-ryu. Mtindo huo ulianzishwa na Chojun Miyagi wa Okinawa. "Go" maana yake ni ugumu, na "ju" ni ulaini. Vijana wengi huupenda ugumu, na somo la ulaini huwapita. Nitalirudia jambo hili.

Namna ya kupiga

Ninyi mliokulia katika milima hii ya Usambara mna mwalimu ambaye kijana wa mjini hana. Mwalimu huyo ni jembe. Mtazameni mama anayelima shamba la mteremko. Halimi kwa mikono. Hukita miguu, hupinda magoti, kiuno hugeuka, bega hufuata, na mkono huwa wa mwisho. Anayelima kwa mikono mitupu huchoka kabla umande haujakauka. Ngumi ni hivyo hivyo. Huanzia kwenye unyayo unaosukuma ardhi, ikapanda pajani, ikazungushwa na nyonga, ikapita begani, ndipo ikatoka mkononi. Mkono ni mlango wa kutokea tu.

Pili, ngumi yenyewe. Kunja vidole vinne vibane kiganja, kidole gumba kikae nje juu ya vidole viwili vya kwanza, kamwe kisifichwe ndani. Gusa shabaha kwa vifundo viwili vikubwa, cha kidole cha shahada na cha kidole cha kati, na mfupa wa mkono uwe mstari mmoja na kiganja. Yule kijana wetu aliyeumia alivunjika mfupa ulio chini ya kidole kidogo. Madaktari wanaufahamu sana mvunjiko huo. Huwapata wanaorusha mkono kwa kuuzungusha kwa hasira na kugonga kitu kigumu, kama fuvu la kichwa, kwa vifundo vya pembeni ambavyo mifupa yake ni myembamba. Nimeulizia habari zake na za mwenzake. Hakuna kati yao aliyewahi kukanyaga katika chama cha karate. Walijifunza kwa kutazama video za simu wakati wa likizo. Naomba wanaotaka chama kifungwe walifikirie hilo.

Tatu, pumzi. Toa pumzi wakati ngumi inafika. Anayebana pumzi hukakamaa, na aliyekakamaa ni mzito. Mabega yawe laini njia nzima, mkono ukazwe pale mwisho tu. Hapo ndipo "go" na "ju" hukutana katika tendo moja.

Nne, ngumi irudi kwa kasi ile ile iliyoendea. Ngumi inayozubaa mbele imeacha nyumba bila mlinzi.

Haya yote hujifunzwa kwa kurudia. Watu wa Okinawa hutumia makiwara, yaani ubao uliosimikwa ardhini na kufungwa kamba mahali pa kupigwa. Hatuhitaji kuagiza makiwara kutoka ng'ambo. Ubao wa mkaratusi tunao, na kamba ya katani inatoka kwenye mashamba ya mkonge hapo chini, njia ya Mombo na Korogwe. Anza kwa kugusa polepole, mwezi mzima, mpaka kiganja kizoee kunyooka.

Namna ya kufungua kinga

Mpinzani anayejua kazi hatakuachia uso wake. Kidevu atakiinamisha, mikono ataiweka juu, viwiko vitalinda mbavu. Anayegonga mlango uliofungwa atachoka yeye, mlango utabaki. Njia za kuufungua ziko tano, na nyingi mmeshaziona kwenye mpira wa miguu.

Njia ya kwanza ni chenga. Bega linaonyesha kushoto, pigo linatoka kulia. Inafaulu kwa sababu ya maumbile: tangu jicho lione mpaka mkono uanze kujibu, hupita takriban moja ya tano ya sekunde, na mkono ulioanza kwenda haurudi mara moja. Ukimdanganya akakinga pasipo na kitu, amekupa muda huo bure. Lakini chenga lazima ifanane na pigo la kweli. Kwa hiyo asiyejua kupiga hawezi kuzuga. Humfundisha mtu kupiga kwanza, chenga baadaye.

Njia ya pili ni chini na juu. Wazee walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Piga tumboni mara mbili kwa dhati. Viwiko vikishuka kulinda mbavu, juu pameachwa wazi. Kinga ya mikono miwili ni blanketi fupi katika baridi ya Julai hapa Lushoto: ukifunika kichwa, miguu iko nje.

Njia ya tatu ni kuuondoa mkono wenyewe. Katika karate mkono wa mbele wa mpinzani unaweza kubonyezwa chini, kusukumwa pembeni au kuvutwa, na mkono wa pili ukapita papo hapo. Goju-ryu ina zoezi liitwalo kakie: wawili hugusana mikono na kusukumana kwa zamu bila kuachana, mpaka ngozi ijue nia ya mwenzako kabla jicho halijaona. Hapo ulaini ndio unaofanya kazi. Ukisukuma kwa nguvu tupu, mwenzako ataachia nawe utaanguka mbele. Katika masumbwi kumshika mtu mkono ni kosa, kwa hiyo jueni kanuni za mchezo mnaoucheza.

Njia ya nne ni kuhama. Kinga hujengwa kuelekea mbele. Ukipiga hatua moja ya pembeni, mlango ule ule uliokuwa umefungwa unautazama ubavuni. Hapa tena miguu ya mlimani inasaidia. Kijana aliyezoea kupanda kutoka Soni kwa miguu hapati tabu ya kuhama.

Njia ya tano ni kualika. Unaacha nafasi ndogo kwa makusudi, mpinzani anaiona, anatuma ngumi. Ngumi yake ikitoka, kinga yake imepungua mkono mmoja. Njia hii ni ya waliokomaa. Anayealika wageni asiowaweza atalala nje.

Mfano mkubwa wa sanaa hii tuliuona Afrika. Tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali, mwenye miaka 32, alikutana Kinshasa na George Foreman, mwenye miaka 25 na nguvu za kutisha. Katika raundi ya kwanza Ali alianza kwa ngumi za moja kwa moja za mkono wa kulia, ule wa nyuma, bila kutanguliza wa kushoto. Mkono huo una safari ndefu, na bondia wa daraja lile hategemei mwenzake athubutu. Baadaye akaegemea kamba, akafunika uso na mwili, akamwalika Foreman apige mpaka achoke. Katika raundi ya 8 kinga ya Foreman ilikuwa imejifungua yenyewe kwa uchovu, na pambano likaisha. Ali alimshinda kwa subira na hesabu kuliko kwa misuli.

Upande wa pili wa ngumi

Ndugu Mwenyekiti, nisingekuwa mkweli kama ningeishia hapo. Robert Wangila wa Kenya alipata dhahabu ya Olimpiki huko Seoul mwaka 1988, akimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali. Mpaka leo hakuna bondia mwingine wa Kenya aliyepata dhahabu hiyo. Julai 1994 Wangila alifariki huko Las Vegas kutokana na jeraha la kichwa alilopata katika pambano. Alikuwa bingwa aliyejua kupiga na kukinga, na bado kichwa ni kichwa.

Ubongo umo ndani ya fuvu kama kiini ndani ya yai. Pigo likitikisa yai, ganda laweza kubaki zima na kiini kikavurugika. Kofia ya mazoezi huzuia kupasuka ngozi, lakini haizuii mtikisiko huo. Anayewaambia vijana kwamba wakivaa kofia waweza kupigana vichwani bila hofu anawadanganya.

Kwa hiyo napendekeza kwa Kamati, na kwa Mkuu wa Shule, chama kiendelee kwa masharti manne. La kwanza, pasiwepo mazoezi bila mwalimu. La pili, kwa wanafunzi, mapigo ya kichwani yaishie hewani, shubiri moja kabla ya uso. Ya mwilini yafike kwa kipimo. Atakayeshindwa kuizuia ngumi yake bado hajajua kupiga, arudi kwenye makiwara. La tatu, yeyote atakayepigwa kichwani akaona kizunguzungu, akatapika au akasahau yaliyotokea, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na asirudi mazoezini mpaka daktari aruhusu. La nne, atakayetumia mazoezi haya kumwonea mwenzake bwenini afutwe katika chama mbele ya wote.

Nasi wahitimu tutoe glavu, vizuia meno na mikeka. Bei yake haizidi tunachokula leo hapa. Tukikifunga chama, ngumi hazitaisha shuleni. Zitahamia nyuma ya mabweni, usiku, bila mwalimu na bila kipimo, na safari ijayo huenda tusizungumzie kiganja.

Ninyi vijana, wazee wa Kisambaa hutusimulia habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu akaingia milima hii. Alikuwa na silaha, na mbwa, na mkono usiokosea. Lakini simulizi haisemi kwamba aliwapiga Wasambaa ndipo wakamtawaza. Aliua nguruwe walioharibu mazao, akagawa nyama. Akamuua simba, ndipo watu wakamwomba awe mtawala wao. Nguvu zake waliziona zikiwalinda, wakazipenda.

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, walisema wahenga. Wao walikuwa na maana ya kuni mbili zinazokutana. Nami nasema, mwanafunzi mmoja mwenye kinga akikutana na mwenziwe mwenye kinga, wakafundishana bila kuumizana, moto wa shule hii hautazimika.