Kumkumbuka Ndugu Yetu wa Daftari na Mkewe

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Tumepewa heshima ya kusema machache kwa niaba ya jamaa, juu ya mtoto wa shangazi yetu aliyefariki mwaka jana, na juu ya mkewe aliyemfuata kabla ya miezi mitano kutimia. Majina yao yamo katika orodha ya marehemu ya kijitabu hiki, wala hapana haja ya kuyarudia mbele ya watu waliowajua.

Binamu ni mtani, na mtani hamwachi mwenziwe hata kaburini. Siku ya pili ya matanga mmoja wetu alivaa miwani ya marehemu, akachukua tepu yake ya kushonea, akawa awapima waombolezaji mabega na viuno huku akiwadai malipo ya kwanza. Wageni waliotoka Nairobi waliona ajabu. Mjane alicheka mpaka akashika ukuta, na sisi tukajua kwamba mambo yamekwenda kama yalivyopasa.

Alikuwa fundi cherehani, akishona barazani mjini Malindi. Lakini katika chama hiki alijulikana kwa kazi nyingine. Vijana wa leo wavuka Kilifi kwa daraja wala hawapunguzi mwendo. Kabla ya daraja hilo kufunguliwa mwaka 1991, maiti aliyetoka hospitali ya Mombasa alifika Mnarani akangoja feri kama abiria mwingine yeyote, juani au mvuani. Ndugu yetu ndiye aliyekuwa akisimama na jeneza katika foleni ile. Alipofika nyumbani, kabla hata ya kunywa maji, alifungua daftari.

Juu ya daftari hilo twapenda kusema zaidi. Mahazini wengi huandika shilingi tu. Yeye aliandika pishi za mahindi, mizigo ya kuni, makuti ya kuezekea banda la wageni, na majina ya waliochimba kaburi, mmoja mmoja. Mkewe hakujua kusoma hata herufi moja, lakini ukurasa haukufungwa mpaka asomewe. Alikuwa akisuka makuti yake, kimya, kisha husema, “Umemsahau yule wa Ganze aliyeleta maji kwa punda.” Naye mumewe huandika. Hatukumbuki siku hata moja ambayo bibi yule alikosea. Kwa maoni yetu madaftari yale saba ni kazi ya watu wawili, ijapokuwa mwandiko ni wa mmoja.

Wapo waliomlaumu, wakisema msiba si duka hata uwekewe hesabu. Alijibu kwamba mwenye shilingi hupewa risiti, basi aliyechimba kaburi usiku wa mvua apewe nini, ikiwa hata jina lake halikuandikwa?

Sasa tuje kwenye jambo ambalo jamaa walibishana juu yake. Kwa mila ya Wagiriama, mzee aliyeingia chama cha Gohu akifa huchongewa kigango cha mti mgumu, chenye kichwa na nakshi za pembetatu, na wengine, wanaume kwa wanawake, husimamishiwa koma, kijiti kisicho na mapambo. Kigango kikishasimamishwa hakihamishwi, hata mji ukihama. Baba wa ndugu yetu alikuwa Mgohu, na kigango chake kiling'olewa usiku katika miaka ya themanini, likabaki shimo. Waliokichukua hatukuwajua mpaka leo. Ndugu yetu hakulifukia lile shimo, na kila mwaka kabla ya kupanda alikwenda kumwagia baba yake tembo papo hapo.

Si sisi peke yetu. Mwaka 1985 mzee mmoja wa Kimijikenda alipigwa picha kando ya vigango viwili vya ndugu zake, na baada ya muda mfupi vikaibiwa. Mtaalamu aliyepiga picha ile, Bibi Monica Udvardy, alikuja kuviona katika majumba ya makumbusho ya Marekani, na mwaka 2007 kimojawapo kikarudishwa kwa jamaa kwa sherehe. Mwaka 2014 makumbusho ya Denver yaliamua kurudisha vigango 30, navyo havikufika Kenya mpaka 2019. Ndugu yetu alisomewa habari hiyo gazetini, akauliza swali moja tu: nani atajua kipi ni cha nani?

Ndiyo maana aliagiza asisimamishiwe mti wowote. Mkewe, baada ya kukaa eda, alikataa. Alisema mwizi hutamani nakshi, na mumewe hakuingia Gohu, basi koma lisilo na nakshi litamtosha, na lake liwekwe kando. Wazee walimuunga mkono. Jamaa walio msikitini na walio kanisani walisema hawawezi kuhudhuria umwagaji wa tembo, lakini watatoa mahindi na mbuzi na kuomba dua zao kwa njia zao. Sisi twaona hilo ni neno la watu wazima. Koma zote mbili zitasimamishwa baada ya mavuno.

Lipo jambo zito zaidi. Makaburi yao yako chini ya mkanju, katika shamba la upande wa Kilifi lisilo na hati. Wazee mwajua chanzo chake. Sheria ya mwaka 1908 iliwataka watu wa mwambao wadai ardhi zao kwa maandishi, na wengi wa babu zetu hawakuandikwa. Mwaka jana, kabla ya arobaini ya bibi, tulikuta jiwe la mpaka limechimbiwa hatua ishirini kutoka kwenye ule mkanju. Mwenye jiwe hajajitokeza. Jamaa fulani wameanza kusema afadhali tuuze haki yetu mapema kuliko kuipoteza bure. Hatuwatukani, maana ada za shule hazingoji. Lakini tumefungua madaftari, tukakuta makaburi kumi na moja ya shamba lile yameandikwa, kila moja na tarehe yake na wachimbaji wake, na wachimbaji wanne bado wako hai. Wakili tuliyemwendea alikaa nayo asubuhi nzima, kisha akatukataza kuyabeba tena katika mfuko wa plastiki.

Basi twaomba mkutano huu ukubali mambo mawili: madaftari yanakiliwe kwa gharama ya chama, na yenyewe yawekwe katika sanduku la mhazini, yasitolewe bila Mwenyekiti na mzee mmoja wa jamaa kuwapo. Tena twaomba wale wachimbaji wanne wapelekwe kwa wakili kabla ya msimu wa mvua. Wawili kati yao hawatembei vizuri.

Daftari la nane analishika binti yao. Ukurasa wa kwanza ni wa mama yake. Tuliketi naye hadi usiku tukiwataja waliokuja, na majina mawili yametushinda: aliyeleta kuni kwa baiskeli usiku wa pili, na kijana wa Mambrui aliyeshuka kaburini wa mwisho. Kama mmo humu, au kama mwawajua, binti ameketi pale mlangoni na kalamu anayo.