Reli Iliyokosa Mizigo

Leo twataka kuwakumbusha habari za reli ya Mtwara hadi Nachingwea, kusini mwa Tanganyika. Ilijengwa kwa ajili ya mpango wa karanga ulioanzishwa na Serikali ya Uingereza mwaka 1947. Karanga hazikustawi, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Reli ikabaki bila mizigo ya kutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilifungwa, na vyuma vikang'olewa.

Wenzetu waliotandika mataruma hawakuulizwa kama udongo ule utazaa karanga. Lakini kazi ilipokwisha, waliokosa mshahara ni wao.

Basi reli mpya ikitajwa, sisi wafanyakazi tuulize mapema: mizigo ni ipi? Ikikosekana, mfanyakazi atalindwaje?

Umoja ni nguvu.