KUFULI LA KOMPYUTA YA NYUMBANI
(Mazungumzo mbele ya makatibu na watunza hazina wa vyama vya msingi)



Katika vyama vingi vya msingi yuko mtu mmoja au wawili waliojifunza kuendesha kompyuta kwa ajili ya hesabu za chama. Mtu huyo, apende asipende, huwa fundi wa ukoo mzima. Miongoni mwa kazi aletewazo iko moja isemwayo kwa kunong'ona: kuifunga kompyuta ya nyumbani isifungue tovuti za picha chafu. Kwa kuwa husemwa kwa kunong'ona, aghalabu hufanywa vibaya.

Yafaa kuanza na kisa. Mtunza hazina wa chama kimoja cha wakulima wa kahawa aliitwa na dada yake mkubwa, mjane, ambaye alikuwa amekopa fedha katika chama cha akiba na mikopo akanunua kompyuta iliyokwisha tumika pamoja na mashine ya kuchapia, apate kuwachapia watu barua na mitihani. Asubuhi moja mwalimu wa shule ya jirani alifika na kazi yake. Kompyuta ilipowashwa, picha za uchi zilijitokeza kwenye kioo mbele ya macho yake. Nyumbani humo alikuwamo kijana wa miaka 17, mwanafunzi wa kidato cha nne katika shule hiyo hiyo, aliyezoea kukaa na kompyuta usiku akijisomea. Mama hakuuliza neno. Alimpigia simu ndugu yake: "Mdogo wangu, njoo unifungie kitu hiki kabla sijakitupa shimoni."

Mtunza hazina alifika, akafunga alivyojua, akaweka neno la siri alilolijua yeye peke yake. Kisha akamwita kijana mbele ya wazee wawili wa ukoo akamkaripia. Kijana alijibu, "Mjomba, si mimi." Hapana aliyemsadiki. Siku ile ile alihamia kwa bibi yake, na tangu hapo hakuigusa tena kompyuta, hata kwa masomo yake.

Kufuli lenyewe lilikuwa sahihi, na kwa kuwa wengi huliuliza, inafaa lielezwe. Kila tovuti ina jina lisomwalo na watu na namba isomwayo na mashine. Kugeuza jina kuwa namba ni kazi ya mpango wa madaftari ya majina uitwao DNS, uliobuniwa mwaka 1983 na Mmarekani Paul Mockapetris. Kompyuta isipopewa namba hubaki njiani, kama mgeni asiyejua nyumba aendayo. Basi yako madaftari yanayokataa kutoa namba za tovuti za ngono. Kampuni ya Cloudflare ilifungua lake mwaka 2020, kwa anwani 1.1.1.3 na 1.0.0.3, OpenDNS inalo jingine, 208.67.222.123 na 208.67.220.123. Mtu wa nyumbani hadaiwi malipo. Anwani hizo zikiandikwa katika ruta, hukihudumia kila chombo kipitiacho hapo. Zikiandikwa katika kompyuta, huihudumia hiyo peke yake. Tena hapana budi kompyuta iwe na akaunti mbili: ya msimamizi, yenye neno la siri, na ya mtumiaji wa kawaida, ambayo kila mtu aifanyie kazi za kila siku. Anayeitumia akaunti ya kawaida hawezi kuzibadili anwani hizo. Kompyuta nyingi za majumbani zina akaunti moja tu, ya msimamizi, nayo haina neno la siri. Kufuli juu ya mlango wa namna hiyo ni pambo.

Asiahidiwe mtu zaidi ya hayo. Kijana mwenye simu na kifurushi chake hapiti katika ruta ya mama yake. Picha zinazotumwa kwa WhatsApp hazizuiliwi na daftari la majina. Kivinjari kama Firefox chaweza kuwekwa kiulize daftari jingine, na programu za VPN huzunguka nyuma ya daftari lote. Mara nyingine kufuli hukosea upande wa pili, likafunga ukurasa wa afya ya uzazi anaouhitaji mama mwenyewe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 hapa Tanzania inakataza kuchapisha ponografia kwa njia ya kompyuta, lakini sheria haiji kukaa sebuleni.

Turudi kwa mjane. Juma la pili baada ya kijana kuondoka, alimwambia ndugu yake kwamba kila asubuhi awashapo kompyuta, dirisha la intaneti hujifungua lenyewe, likaandika kwamba ukurasa hauwezi kufunguliwa. Mtunza hazina alinyamaza. Aliyeshutumiwa yuko kwa bibi yake. Ni nani basi anayebisha hodi kwenye tovuti ile kila asubuhi?

Ndipo alipofanya ukaguzi ambao ungetangulia karipio. Alifungua orodha ya programu zinazojiwasha pamoja na kompyuta, akakuta moja asiyoijua, iliyoingia pamoja na programu ya bure ya kutazamia filamu. Alitazama tarehe yake, kisha akamwomba dada yake stakabadhi ya ununuzi. Programu ilikuwa na umri wa miezi mitatu zaidi ya stakabadhi. Iliingia mikononi mwa mwenye kompyuta wa kwanza, ikalala, ikaamka juma lile ambalo nyumba iliunganishwa na intaneti. Kazi yake ni kufungua kurasa za matangazo, ili aliyeitengeneza alipwe.

Katika chama, fedha zikipungua, mtunza ghala hakamatwi kabla ya vitabu kufunguliwa. Mtunza hazina huyu alilijua hilo kwa miaka mingi, akalisahau mlangoni kwa dada yake. Kama kijana aliwahi kutazama picha za namna ile kwingineko, hakuna ajuaye, wala silo lililokuwa shtaka.

Aliiondoa programu ile. Kufuli aliliacha, kwa kuwa mama alilitaka, na katika nyumba yenye watoto wadogo wa majirani lina faida. Ila alimkabidhi mama neno la siri ndani ya bahasha, alibadilishe mwenyewe. Sefu ya chama haifungwi na mtu asiyekuwa na dhamana ya fedha zilizomo, na kompyuta ya mjane si mali ya kaka yake. Alimwonyesha pia namna ya kuufungulia ukurasa uliofungwa kwa makosa. Microsoft inao utaratibu wa familia ndani ya Windows, umletao mzazi taarifa za tovuti zilizotembelewa, huo hakuuweka. Alisema kwamba mama akiutaka, kwanza amwambie kijana.

Kisha alikwenda kwa bibi, stakabadhi mkononi. Kijana alikuwa akipukuchua mahindi uani. Mjomba alimweleza habari zote, na mbele ya bibi akasema kwamba alikosa. Kijana aliitazama stakabadhi kwa muda mrefu, pande zote mbili.

"Mwalimu ameambiwa?" aliuliza.

Mwalimu hakuwa ameambiwa. Jumatatu, kabla ya kengele ya kwanza, wote watatu, mama, mjomba na kijana, walikuwa wamesimama mlangoni pa ofisi ya walimu.