Anuradhapura, Mji wa Mti Mtakatifu

Jioni hii twapenda kuwachukua pamoja nasi hata kisiwa cha Sri Lanka, kilicho kusini ya India. Askari wetu wa vita vya 1939 hata 1945 walikijua kwa jina la Ceylon, maana wengi wao walifundishwa huko kabla ya kuvuka kwenda Burma. Sisi hatukwenda kwa vita. Tulikwenda kuuona Anuradhapura, mji wanakohiji wafuasi wa Budha.

Tulipanda gari la moshi Colombo, tukaenda upande wa kaskazini yapata kilometa 200. Nchi ile ni kavu kwa miezi mingi ya mwaka. Lakini tulipofika tuliona maji mengi mfano wa ziwa. Kumbe ni malambo yaliyofanywa na wafalme wa kale. Moja, liitwalo Tissa Wewa, lina umri upatao miaka 2,300, na hata leo maji yake yaenda katika mashamba ya mpunga. Pasipo malambo hayo, mji huu usingaliweza kuwa makao ya wafalme kwa miaka 1,000 na zaidi.

Kwanza tulikwenda penye mti mtakatifu. Langoni tulivua viatu na kofia, kama desturi ya mahali pale. Mti wenyewe ni wa jamaa ya mkuyu. Husemwa ya kuwa ulimea kwa tawi la mti wa Bodh Gaya, katika India, ambao Budha alikaa chini yake akapata nuru. Na aliyelileta tawi hilo ni Sanghamitta, binti wa mfalme Ashoka, katika karne ya 3 kabla ya Masihi. Matawi yake yameegemezwa juu ya nguzo za rangi ya dhahabu, kama mzee ashikwavyo mkono na wajukuu wake. Watu waliovaa nguo nyeupe walikuja kimya, wenye mayungiyungi mikononi. Hapana aliyetuuliza dini yetu.

Kutoka hapo tulitembea hata Ruwanweliseya, jengo kubwa jeupe la matofali, lenye umbo la chungu kilichofudikizwa. Aliyeanza kulijenga ni mfalme Dutugemunu, katika karne ya 2 kabla ya Masihi. Mfalme huyu aliupata mji kwa kumwua adui yake Elara, Mtamili aliyetoka India akatawala hapo miaka 44. Elara hakuwa wa kabila lake wala wa dini yake. Walakini wenyewe watu wa Dutugemunu waliandika katika tarikhi yao ya kuwa alikuwa mtu wa haki. Alitundika kengele penye kitanda chake, ili kila aliyedhulumiwa avute kamba, apate kusikilizwa.

Wafalme hao wawili walipigana juu ya tembo, Elara akaanguka. Mshindi hakuutupa mwili wake. Aliwakusanya watu, akamfanyia mazishi ya heshima, akaamuru ya kwamba kila apitaye penye kaburi lile anyamazishe ngoma zake.

Twalitamani hadithi iishie hapo, lakini haikuishia. Kuanzia 1983 hata 2009 Wasinhala na Watamili wa kisiwa kile walikuwa katika vita. Mwezi wa Julai 1983 Watamili wengi waliuawa majumbani na njiani na makundi ya watu. Tarehe 14 Mei 1985 wapiganaji wa Kitamili waliingia Anuradhapura, wakawapiga risasi watu kwenye kituo cha mabasi na waliokuwa wakisali penye mti ule ule. Wakafa zaidi ya 100. Amri ya kuheshimu kaburi la adui ilikuwa imesahauliwa na pande zote mbili.

Siku ya pili tulikwenda Mihintale, mlima ulio kilometa 13 upande wa mashariki. Hupandwa kwa vidato 1,840 vya mawe, nasi tulipumzika mara nyingi. Hapo, wasema, mtawa Mahinda, ndugu yake Sanghamitta, alikutana na mfalme Tissa aliyekuwa akiwinda. Mtawa alitaka kuipima akili yake. Akamwuliza, “Mti huu ni mti gani?” Akajibu, “Ni mwembe.” Kisha akamwuliza, “Je, unao jamaa?” “Ninao wengi.” “Wako watu wasio jamaa zako?” “Wako, tena wengi zaidi.” “Na mbali na hao wote, yuko mwingine?” Mfalme akajibu, “Yuko: mimi mwenyewe.”

Mtawa akajua ya kuwa amepata mtu wa kufundishwa. Tuliposhuka mlimani tuliyafikiri majibu yale. Mtu hujihesabu mwenyewe kwanza, kisha jamaa zake. Wasio jamaa huwasahau. Mfalme yule aliwahesabu wote, naye akajiweka wa mwisho. Dutugemunu alipolinyamazia kaburi la Elara, alimhesabu asiye jamaa. Waliopiga risasi chini ya mti, na waliochoma nyumba za jirani zao, hawakumhesabu.

Wasikilizaji wetu, mwembe hata kwetu upo, na chini ya kivuli chake hukaa jamaa na wasio jamaa. Mwulizeni mtoto maswali yale ya Mahinda, mpate kusikia atakavyojibu.

Kwaherini.