Hamu ya Kula Ninayo

Wahitimu wa chuo hiki cha Lodwar! Waliouza mbuzi ili mlipiwe karo wameketi huko nyuma. Geukeni, muwapigie makofi.

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili. Kwa miaka mingi nilifanya kazi Kakuma, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa 1992. Leo nina kosa moja la kuwasimulia.

Mnalijua dodoso la PHQ-9, la kupimia sonona. Maswali tisa, kila moja alama 0 hadi 3, na wengi wetu tukiona jumla ya 10 kwenda juu tunasema hapa pana sonona. Swali la tano ni la hamu ya kula. Mama mmoja kutoka Sudan Kusini, mtoto mgongoni, alimsikiliza mkalimani hadi mwisho, kisha akanigeukia mimi. "Hamu ninayo. Chakula ndicho sina."

Mgao wa chakula kambini ulikuwa umepunguzwa. Mlangoni palikuwa na foleni. Nikaandika 3, jumla ikawa 11, nikamwandikia ushauri nasaha. Baadaye mgao ukaongezwa, swali lile likapata 0, jumla ikashuka hadi 8. Majibu mengine hayakubadilika hata moja. Ripoti ikamhesabu kuwa amepata nafuu, ikaingia kwenye jedwali pamoja na za nchi nyingine, tukasifiwa. Nilinyamaza. Kunyamaza huko kunaniuma mpaka leo.

Sikatai kulinganisha nchi. Tangu 2001 WHO inatoa Atlasi ya Afya ya Akili, inayohesabu vitanda na wahudumu kwa kila watu 100,000, na takwimu hizo tunazihitaji tunapodai bajeti. Ila kitanda cha hospitali ya Mathari, Nairobi, hakimfikii mgonjwa wa Kibish, huku Turkana, hata kikihesabiwa kuwa chake.

Na kwa maswali yenyewe, igeni Zimbabwe: walianzia kwenye neno la watu wenyewe, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, wakatunga dodoso la maswali 14 kwa Kishona. Nendeni mkakae na akina mama wa Kiturkana, Kidinka na Kisomali. Waulizeni wao husemaje moyo wa mtu ukielemewa, na wanamjuaje aliyepona. Kazi hiyo ni ya miaka, na haina posho.

Na kesho, mkishika fomu, pembezoni huwa pana nafasi ya maelezo. Ni finyu, lakini mimi niliiacha tupu. Maneno mawili yangeenea pale: ana njaa.