Rinda la Kukhu



Aliyeugundua ugonjwa wa nyanya yangu, Kukhu, hakuwa daktari. Alikuwa fundi wa cherehani hapa sokoni Bokoli. Kukhu alizoea kumrudishia rinda lile lile: mbele linaburuta vumbi, nyuma limepanda. Fundi akakunja pindo, mwaka mwingine akalikunja tena, mwisho akamwambia, "Mama, kitambaa hakina kosa. Wewe ndiye unayepungua." Nyumbani tulicheka. Tulisema ni uzee, na kuni alizobeba tangu usichana.

Ninyi wauguzi wapya mmesoma, kwa hiyo hamna ruhusa ya kucheka. Mfupa ni kitu hai: kuna seli zinazobomoa na seli zinazojenga, usiku na mchana. Ujanani wajenzi hushinda, hadi kama miaka 30 hivi. Mwanamke akikoma hedhi, estrojeni hushuka na wabomoaji hupata uwanja. Pingili za mgongo, ambazo ndani ni kama sifongo, hupondeka upande wa mbele na kubaki na umbo la kabari. Zikipondeka tatu nne, mgongo hupinda, mbavu hukaribia nyonga, tumbo hubanwa, pumzi hukatika njiani. Wala si lazima mtu aanguke. Kuinua mtungi wa maji kwatosha, hata kikohozi. Wengi huvunjika wasijue.

Mtakutana na tembe za maumivu ya mgongo zilizofungwa kwenye kipande cha gazeti, hazina jina. Ulizeni nani aliziuza. Zikiwa na steroidi, maumivu yatapoa kweli, na mfupa utazidi kuliwa. Biashara hiyo inanikera, nami sitaificha hasira yangu leo.

Tena msiite kila kibiongo uzee. Kifua kikuu nacho huingia mgongoni; daktari wa upasuaji Percivall Pott aliueleza ulemavu huo mwaka 1779, kabla kijidudu chake hakijajulikana. Mgonjwa akiwa na homa, jasho la usiku, amekonda, miguu inalegea, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Mashine za kupima msongamano wa mfupa ziko kwenye miji mikubwa, mbali na kina kukhu wetu. Lakini maziwa, omena anayeliwa mzima na mboga ya saga, vyakula vinavyojenga mfupa, viko hapa. Kimo nacho hupimika hapa, kila mwaka, na kuandikwa kwenye kitabu cha kliniki.

Vyeti viko mezani. Kando ya kila cheti mtakuta utepe wa kupimia. Niliununua jana kwa fundi yule yule.